Kisu Juu, Moyo Chini

Mimi nililelewa na mwanamume aliyekuwa na jozi moja ya viatu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Malava, na mvua ya Malava haina adabu, kwa hiyo kila jioni alipofika nyumbani kazi ya viatu ilikuwa yangu. Unachukua gazeti kuukuu, unalikunjakunja, unalishindilia ndani mpaka kwenye vidole. Asubuhi gazeti limekunywa maji yote na kiatu kimesimama kama kimetoka dukani. Mpaka leo nikimwona mtu anaweka kiatu cha ngozi kitupu ndani ya sanduku, namhesabu kuwa hakufundishwa kwao.

Nasema haya mapema ili mjue nilitoka wapi. Tabia hiyo ya gazeti ilikaribia kunitia jela kwa kosa la uchawi, mimi Rosebellah, mwimbaji wa kwaya, ambaye hata kuangaliwa kiganja sijawahi.

Nafanya kazi Jidda, mtaa wa Al-Hamra, nyumbani kwa madam Nuha na mume wake, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita baba. Wafanyakazi tuko wawili, mimi wa ndani na Hezron, dereva, kijana wa Bungoma. Katika nyumba hiyo gazeti utalitafuta mpaka uchoke. Kila mtu anasoma simu. Lakini karatasi zilikuwepo, tena nyingi, na zote zilikuwa za madam.

Madam alikuwa anajifunza kuandika kwa brashi. Mwalimu wake alikuwa mama wa Kijapani anayeitwa Sachie, mke wa mhandisi, na kila Jumanne madam alikwenda kwake na kurudi na neno jipya. Kisha juma zima alijifungia kwenye chumba kidogo kando ya mahali pa kufulia, akaliandika neno hilo tena na tena. Baba alijua mke wake anaenda darasa la kuchora. Kuchora nini, hakuuliza. Mimi ndiye niliyesaga wino. Ni kipande kigumu cheusi kama mkaa, unakisugua juu ya jiwe lenye maji kidogo, polepole, kwa kuzungusha, na ukifanya haraka madam anakutazama kama umevunja sahani.

Neno la kwanza lilikuwa moyo. Madam alinieleza kwamba Wachina wanalitamka kivyao na Wajapani kivyao, lakini wote wanaliandika sawa: mstari mmoja uliopinda kama ndoana, na nukta tatu zisizogusana.

"Mbona haufanani na moyo?" nikamwuliza.

"Huu ni moyo wa kweli, Rosa. Wa buchani. Si ule wa kwenye kadi."

Nikacheka. Akaniambia kwamba kwa watu hao moyo haukai peke yake. Akili, hisia, nia, vyote wanaviweka hapo hapo, kisha wanautia moyo ndani ya maneno mengine. Kusahau ni kitu kilichopotea juu ya moyo. Wasiwasi, kwa Wajapani, ni moyo uliogawanywa. Hiyo niliipenda sana, kwa sababu wangu una kipande Malava kwa mwanangu, kipande Nairobi kwa dada yangu, na kilichobaki kinapika wali Al-Hamra. Siku moja akaandika neno la hasira, akaliacha bila kulieleza. Nikamwuliza hapo juu ya moyo pana nini. Akasitasita, kisha akasema pana mtumwa. Mtumwa juu, moyo chini.

"Ni maandishi ya zamani tu," akasema, na uso wake ukawa mwekundu.

"Madam, hiyo nimeielewa bila mwalimu."

Tulicheka wote, ingawa yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Halafu likaja lile neno lingine. Juu makali ya kisu, chini moyo. "Sabr," akaniambia. Saburi. Mtu anayevumilia ni mtu aliyewekewa kisu juu ya moyo na hapigi kelele. Hapo madam akagota. Mwalimu alimwambia waendelee na maneno mengine, akakataa. Juma baada ya juma ni kisu na moyo, kisu na moyo, na mwalimu anazungushia mistari iliyokaa vizuri duara la wino mwekundu. Zilizoharibika zilitupwa kwenye kapu, na mimi nikazihamishia kabatini kwangu. Karatasi ile ni laini na ina kiu. Inakunywa wino, inakunywa maji, inakunywa jasho. Ningeitupaje?

Sikuhitaji kuuliza saburi hiyo ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya Sitti, mama yake baba. Sitti alitaka mwanawe aoe binti wa dada yake, na mwanawe akamleta Nuha. Tangu harusi, mama huyo amewaambia watu wote wenye masikio kwamba Nuha alimtilia mwanawe kitu kwenye kahawa, ndiyo maana hasikii la mtu mwingine. Akija kututembelea ananusa kikombe kabla ya kunywa. Nimemwona kwa macho yangu.

Mwaka huu moyo wa baba ukaanza kumsumbua, na madaktari wakasema apasuliwe Riyadh. Hezron akampeleka kwa gari kwa sababu alikatazwa kupanda ndege. Sitti akaenda naye kumwuguza, wakapanga fleti mtaa wa Al-Murabba. Madam aliambiwa abaki Jidda na watoto mpaka aitwe. Sitti alisema mgonjwa hahitaji vurugu za wanawake, kana kwamba yeye ni jogoo.

Sanduku nilipanga mimi. Kanzu, soksi, dawa, na viatu vyake vyeusi vya ngozi, ambavyo angevaa siku ya kutoka hospitali. Nikavishindilia karatasi vizuri mpaka kwenye vidole, nikafunga sanduku nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Simu ya Hezron ilinikuta namenya vitunguu.

"Rosa, umefanya nini?"

"Nimefanya nini wapi?"

"Kwa viatu za mzee. Umeweka nini ndani ya viatu za mzee?"

"Karatasi, ndio zisibonyee. Kwani ulitaka niweke mayai?"

"Wacha jokes, dada yangu. Huku kumeharibika. Sitti ametoa hizo karatasi akapiga nduru mpaka majirani wakatoka nje. Anasema ni sihiri. Anasema umemfunga kijana wake."

Niliangua kicheko, na vitunguu vikanisaidia kutoa machozi. Nikamwambia amweleze Sitti kwamba huko kwetu viatu hushindiliwa karatasi, kwamba ni usafi. Hezron hakucheka.

"Niskize. Leo asubuhi amenipeleka Batha, kwa duka ya Mchina mwenye kuuza mabegi. Akamwambia asome. Mchina akaangalia, akasema, hapa juu kisu. Hapa chini moyo. Akaonyesha na mkono hivi, kisu, moyo. Alikuwa anataka kuendelea, anatafuta neno ya Kiarabu na haipati, lakini Sitti alikuwa ashatoka mlangoni. Halas. Rosa, mzee anaenda kupasuliwa moyo. Na wewe umemwekea kisu juu ya moyo ndani ya kiatu."

Kisu cha vitunguu kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

"Tena kuna marangi nyekundu," akasema. "Anasema ni damu."

"Ni wino wa mwalimu! Hezron, hizo karatasi ni za madam. Ni madam ameziandika, ni masomo yake!"

Nilisikia honi za magari ya huko kwake.

"Basi mwambie madam apige simu, mara moja. Mzee ameambiwa, pressure ikapanda, daktari akasema leo hapasuliwi. Sitti anaongea mambo ya polisi, ako na mpwa wake polisi. Mimi ni dreva tu, hiyo maneno siwezi ingia."

Nilipanda ngazi mbiombio, lakini sikuwa na hofu ya kweli. Niliona ni jambo la simu moja. Madam angempigia mama mkwe, angemwambia ni masomo yangu ya brashi, na Sitti angeaibika kidogo, jambo ambalo lisingemdhuru. Nikamkuta madam ameinamia karatasi yake. Nikamsimulia yote kwa Kiarabu changu cha jikoni, na nilipofika kwa Mchina wa mabegi nikamwigiza kabisa, kisu, moyo, nikangoja acheke.

Madam aliiweka brashi mezani, si juu ya jiwe la wino, mezani pale pale, na wino ukaenea kwenye mbao. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nani anajua kwamba ni zangu?"

"Mimi na Hezron."

"Mwambie Hezron anyamaze."

Simu yake ikalia. Alikuwa Sitti, na hata mimi niliyekuwa mlangoni nilimsikia. Alitaka madam aende Riyadh na aende na mimi, yalla, ndege ya kwanza. Madam aliitikia naam, mama, naam, mama. Karatasi ya kisu na moyo ilikuwa mbele yake, wino haujakauka, na hakusema neno jingine.

Watoto tukawaacha kwa dada yake. Ndani ya ndege nilikaa karibu na madam, na kwa muda mrefu hakunitazama. Kisha akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Rosa, nisikilize vizuri. Usiseme ni zangu."

Nikamtazama.

"Tangu niolewe anatafuta kitu kimoja tu cha kunishika nacho. Sasa anacho mkononi. Akijua ni mimi niliyeandika, hatasikia kitu kingine. Atamwambia mwanawe akiwa kitandani, na mgonjwa atamwamini mama yake. Nitaachwa. Watoto watachukuliwa. Wewe, mabaya zaidi, watakurudisha kwenu."

Watanirudisha kwetu! Alilisema kwa upole kabisa, kama anayenipa likizo. Hakuna mfanyakazi wa ndani katika nchi hii ambaye hajasikia habari za mwanamke aliyekutwa na kitambaa chenye mafundo, au nywele ndani ya kikaratasi, akachukuliwa, na wenzake wasijue tena yuko wapi. Pengine nyingine ni porojo. Lakini mimi sikutaka kuwa ndiye wa kuthibitisha. Nilifikiria mwanangu akiambiwa na watoto wa shule kwamba mama yake amefungwa Uarabuni kwa uchawi.

Na kilichoniuma si hofu peke yake. Nilimpenda huyu mwanamke. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekaa sakafuni jikoni pamoja nami, akanipa chai ambayo aliipika mwenyewe na ilikuwa mbaya sana. Nilimsagia wino. Nilikuwa najua neno lake la siri kuliko mume wake. Sasa alikuwa ananiuza, kwa sauti ya chini, huku ameshika mkono wangu.

Alifungua mkoba kutafuta kitambaa cha kupangusia macho. Ndani nikaiona ikama yangu, kibali changu cha kuishi nchini. Sikuwa nimempa. Aliichukua kwenye droo nilipokuwa navaa abaya.

Fleti ya Al-Murabba ilikuwa na zulia jekundu na viti vilivyofunikwa nailoni. Sitti alikuwa amekaa katikati ya sebule, na mbele yake, juu ya sinia ya kahawa, zilikuwepo zile karatasi. Alikuwa amezinyoosha moja moja. Hezron alisimama karibu na mlango kwa sababu Sitti alitaka mwanamume awepo nikileta fujo. Nilimtazama Hezron, naye akatazama kapeti. Madam akambusu mama mkwe kichwani, akakaa kando yake. Mimi nikaambiwa nikae chini.

"Nani alitia hizi kwenye viatu vya mwanangu?"

"Mimi, Sitti."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Baba yangu, mvua, gazeti, vidole vya kiatu. Niliongea kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Nikamwambia viatu vya baba ni ghali, nilitaka avikute vimesimama siku ya kutoka hospitali. Sitti alisikiliza mpaka mwisho, na kwa dakika moja niliona kama ananielewa. Kisha akainua karatasi moja kwa ncha za vidole.

"Maandishi, chini ya unyayo wa mtu. Kisu, juu ya moyo. Damu. Na mwanangu kesho anafunguliwa kifua. Hii ni gazeti?"

"Sitti, hapo hapajaandikwa mabaya! Mchina hakumaliza kusema. Ni sabr. Kisu juu, moyo chini, maana yake ni sabr!"

Nilidhani nimejiokoa. Hezron aliinua kichwa. Madam alifumba macho. Na Sitti, polepole sana, aliirudisha ile karatasi kwenye sinia.

"Kwa hiyo unaisoma," akasema.

Nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Mtumishi kutoka Afrika, asiyejua kuandika jina lake kwa Kiarabu, anasoma maandishi ya Kichina yaliyokutwa kwenye kiatu cha bosi wake. Hata mimi ningekuwa Sitti ningeita polisi.

"Nani alikufundisha?"

Hapo nikamtazama madam. Nilimtazama waziwazi, sikujificha. Alikuwa ameshika ukingo wa abaya yake, anaukunja na kuukunjua. Nilikuwa na jibu mdomoni. Neno moja tu, jina lake. Lakini nilijua pia litakavyopokelewa: mchawi amebanwa, sasa anamsingizia bibi wa nyumba. Madam angekana, na ningekuwa nimeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

"Nilijifunza hapo nyumbani," nikasema.

"Kwa nani?"

Nikatazama sinia. Sitti akaomba kalamu. Hezron akamletea kalamu nene ya kuandikia maboksi. Sitti akageuza karatasi moja upande wa nyuma, akaisukuma mbele yangu.

"Andika. Mkono ulioandika hizi utaandika tena."

Nilishika kalamu. Najua ndoana, najua nukta tatu. Nimeziona zikiandikwa mara nyingi kuliko nilivyoona jina langu. Lakini kujua kwa macho si kujua kwa mkono. Kisu changu kilitoka kama kiti kilichovunjika. Ndoana ilipita juu ya nukta, nukta zikagongana, moyo ukawa kama yai lililoanguka sakafuni.

Hata Hezron aliona kwamba mkono ule haukuandika zile nyingine. Alikohoa, akasema, "Sitti, hii si sawa na hizo."

"Anajifanya," Sitti akasema. Akachukua simu yake, akaanza kutafuta namba ya mpwa wake, anasukuma kwa kidole cha shahada, mdomo umebana.

Nilianza kuomba. Niliomba Kiluhya, kwa sauti, jambo ambalo bila shaka halikusaidia. Hezron akasogea hatua moja mbele, kisha akarudi. Nilisikia simu ikiita upande wa pili.

Ndipo madam akateremka kwenye kiti. Sikumwona akiinuka, nilimwona tu amepiga magoti kwenye zulia kando yangu. Akaitoa kalamu mkononi mwangu. Chini ya fujo yangu palikuwa na nafasi, na hapo akaandika. Ilikuwa kalamu ya maboksi, si brashi, na karatasi ilikuwa na makunyanzi ya kiatu, lakini mkono wake ulikwenda bila kusita. Makali ya kisu. Alama yake ndogo. Ndoana. Nukta, nukta, nukta, zimekaa mbalimbali kila moja mahali pake. Ilifanana na zile za kwenye sinia kama pacha.

"Ni zangu, mama," akasema. "Zote. Yeye alizitoa kwenye kapu la taka."

Mpwa alipokea simu. Tukamsikia anaita halo, halo, shangazi. Sitti alikuwa anatazama karatasi. Alitazama ile mpya, akatazama za zamani, akamtazama mke wa mwanawe aliyekuwa amepiga magoti. Nikadhani sasa ndiyo nyumba inaanguka.

"Ni sabr kweli?" akauliza.

"Ni sabr. Mwulize yeyote. Mpigie mwalimu wangu."

"Umeandika nyingi hivi."

"Nyumbani ziko nyingi zaidi."

"Na kisu ni nani?"

Machozi yalikuwa yanamtoka madam, na hakuyafuta. Alimtazama tu mama mkwe usoni, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Mpwa aliita shangazi kwa mara nyingine, kisha akakata.

Sitti aliikunja ile karatasi mara mbili, akaishika mapajani.

"Na mimi nilikuwa na mama mkwe," akasema hatimaye.

Madam akaweka kichwa kwenye goti lake, na Sitti, ambaye alikuwa ananusa vikombe vyetu, akamwekea mkono kichwani. Hezron alipangusa pua kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa bado niko chini kwenye zulia, nangoja mtu ageuke upande wangu. Nilikuwa tayari kwa neno lolote. Pole, Rosa. Tumekukosea, Rosa. Hata Alhamdulillahi.

Sitti aligeuka.

"Binti," akasema, "tupikie kahawa."

Nawaambia, kwa mshtuko wote wa siku ile, Mchina, ndege, polisi, huo ndio ulionipiga zaidi. Nilisubiri madam aseme kitu. Alikuwa anapangusa macho kwa ukingo wa shela ya mama mkwe. Nikainuka, nikaenda kwenye jiko nisilolijua, nikatafuta iliki kwenye makabati ya watu, nikawapikia kahawa yao. Nilipoileta, Sitti alikunywa bila kunusa.

Baba alipasuliwa, akapona. Walivyomweleza sijui, lakini alitoka hospitali amevaa viatu vile vyeusi, na vilikuwa vimebonyea, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutia kitu ndani. Madam alirudi Jidda akiwa mtu mwingine. Sitti anampigia simu kila siku kuuliza habari zake kabla ya kuuliza za mwanawe. Nyumba nzima ina furaha. Mimi tu ndiye niliyekuwa napika kimya, na nikiulizwa nina nini nasema mafi, mafi mushkila, hakuna shida.

Jumanne iliyofuata madam akaniita kwenye chumba kidogo. Juu ya meza palikuwa na fremu ya mbao nzuri, na ndani yake, kwenye karatasi ya gharama, kisu na moyo. Hajawahi kuandika vizuri namna ile.

"Hii ni yako, Rosa," akasema. "Sijaona mtu mwenye saburi kama wewe. Ungeweza kunitaja, na hukunitaja."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Najua alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Madam, hii siichukui. Saburi ni yako, umeiandika mwaka mzima. Mimi pale kwenye zulia sikuwa na saburi. Nilikunyamazia kwa sababu nilijua ningekutaja ungekana. Nilikuwa na lile neno lingine."

"Lipi?"

"Lile la mtumwa."

Aliinamisha uso. Nilidhani atanifukuza chumbani, na nilikuwa sijali tena.

"Niandikie hilo," nikasema. "Na nipe ikama yangu."

Kisha akafungua mkoba uliokuwa kwenye kiti, akaitoa ikama, akaniwekea mkononi. Akavuta lile jiwe la wino. Niliona anangoja, kwa mazoea, mimi nisage. Sikusogea. Akatia maji mwenyewe, akashika kile kipande cheusi, akaanza kusaga, haraka haraka na vibaya, wino unamrukia kwenye vidole. Akaandika. Mtumwa juu. Moyo chini. Brashi ilimponyoka kidogo kwenye nukta ya mwisho, ikaacha doa, na hakuandika tena upya.

Bi Sachie amemfundisha madam kwamba maandishi hutolewa kwa mikono miwili, kwa heshima. Madam akasimama, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika ikama.